"Borrow" au "lend": uchague lipi?

Mpwa wangu alikuja nyumbani jioni moja na fomu ya mkopo ya chama cha akiba na mikopo cha kazini kwao. Kurasa 3, zote za Kiingereza. Alikwisha kuijaza kwa wino, akataka tu niipitie kabla hajaipeleka asubuhi. Penye "Borrower" aliandika jina la chama. Penye "Lender" aliandika jina lake, majina yote matatu, na chini yake sentensi hii: "I want to lend 2,000,000 shillings from the society."

"Mjomba," nikamwambia, "hapa umeandika kwamba wewe ndiye unayewapa chama milioni mbili."

"Hapana, mjomba! Mimi ndiye ninayekopa."

Kijana mwenyewe Kiingereza anakijua. Amesomea kwa lugha hiyo tangu kidato cha kwanza, na ripoti za kazini anazisoma bila kamusi. Kosa hili nimelikuta pia kwa wahasibu, kwa walimu, kwa watu wenye shahada mbili, kwa hiyo siamini kwamba ni la uvivu. Linatoka kwenye Kiswahili chenyewe, kwenye kitenzi tunachokitumia tangu utotoni bila kukifikiria: kuazima.

Ukisema "niliazima baiskeli kwa Juma", baiskeli ilitoka kwa Juma ikaja kwangu. Ukisema "Juma aliniazima baiskeli", ni safari ile ile, baiskeli ile ile, kitenzi kile kile. Kilichobadilika ni nani aliyetangulia katika sentensi, na kile kiambishi kidogo -ni- kilichojibanza katikati ya neno. Lipo hata umbo moja linalobeba maana zote mbili bila kubadilika herufi: "niazime". Mwambie jirani "niazime jembe lako", umemwomba akupe. Muulize mkeo "niazime jembe kwa jirani?", unataka shauri kama uende ukachukue. Hakuna anayechanganyikiwa, maana kiimbo na mazingira vinatosha.

Kiingereza hakina -ni- ya kujibanza popote. Kimeichukua safari hiyo moja kikaipa vitenzi viwili, kila ncha na cha kwake. "Lend" ni ya mkono unaotoa. "Borrow" ni ya mkono unaopokea. Ukikosea kuchagua, humpi msomaji neno lisilopendeza tu, umegeuza safari nzima: mdaiwa amekuwa mdai.

Na hatuko peke yetu. Wajerumani wana "leihen" na wana "borgen", na kila kimoja hutumika kwa kutoa na kwa kupokea, sawasawa na kuazima kwetu. "Borgen" hiyo ni ndugu wa "borrow". Katika Kiingereza cha kale palikuwa na neno "borg", maana yake dhamana, yaani kile kinachowekwa, au yule anayesimama, ili mwenye mali aamini kwamba mali yake itarudi. Mjerumani anayejifunza Kiingereza naye hujikwaa kwenye jiwe hili hili.

Kipimo cha kiambishi na "kwa"

Njia ninayowapa watu ni hii. Andika kwanza sentensi yako kwa Kiswahili, kisha itazame. Ukiona kiambishi cha mtu ndani ya kitenzi, -ni-, -ku-, -m-, -tu- au -wa-, chagua "lend". Ukiona "kwa" inayomtaja mtu baada ya kitenzi, chagua "borrow". "Mama Asha aliniazima mwavuli" itakuwa "Mama Asha lent me an umbrella." "Niliazima mwavuli kwa Mama Asha" itakuwa "I borrowed an umbrella from Mama Asha."

Kila kitenzi kina rafiki yake wa kutembea naye. "Borrow" hutembea na "from". "Lend" humshika mtu moja kwa moja, "lend me the umbrella", au humfikia kwa kupitia "to", "lend the umbrella to me". Ile "borrow me your pen" inayosikika madarasani kuanzia Nairobi hadi Mbeya ni "niazime kalamu yako" iliyobadilishwa maneno tu, na hiyo "me" ndiyo -ni- yetu. Kwa Kiingereza sanifu "borrow" haimpi nafasi pale mtu anayeomba apewe. Sentensi ya mpwa wangu ni kosa hilo hilo likitazamwa kutoka upande wa pili: "lend" imelazimishwa kutembea na "from", rafiki wa mwenzake.

Kipimo hiki kinakwama mahali pawili, na ni vizuri uvijue mapema. Pa kwanza ni -ia. "Niazimie ngazi kwa Mzee Salum" ina -ni- na ina "kwa" pia. Hapo unayesema naye hatoi kitu chake, unamtuma akapokee kwa niaba yako, basi ni "Borrow a ladder for me from Mzee Salum." Pa pili ni kutendwa: "Gari hili nimeazimwa na shemeji." Unaweza kuandika "I was lent this car by my brother-in-law", na sarufi haitakulaumu, ila sentensi inakuwa nzito. Mimi huigeuza: "My brother-in-law lent me this car." Kiswahili kinapenda kutendwa katika mambo ya mali na madeni kuliko Kiingereza, na jambo hilo litatokea tena tukifika kwenye kudaiwa.

Wakati uliopita wa "lend" ni "lent". Hakuna "lended". Kwa wale ambao lugha za nyumbani kwao hazitenganishi l na r, "lent" na "rent" huingiliana mdomoni na kisha kwenye karatasi, na kati ya kumpa mtu chumba bure na kumtoza kodi kuna tofauti kubwa. Linalostahili mazoezi ya sauti ni hilo kuliko mengine mengi wanayofundishwa watoto.

Je, unapoomba? "Could you lend me your charger?" na "Could I borrow your charger?" zinaomba jambo moja, na zote zina adabu. Mimi nachagua ya pili. Inaanza na mwombaji, kama "naomba kuazima chaja yako" inavyoanza na mwombaji, na haimwelekezi mwenye mali afanye nini. Kwa mtu wa Kiswahili, aliyelelewa kuanza na "naomba", ndiyo iliyo karibu zaidi na tabia yake.

Kuazima si kukopa, ila Kiingereza hakijali

Hapa Kiswahili kimeona kitu ambacho Kiingereza kimekipita. Ukiazima mwiko, unarudisha mwiko ule ule. Ukikopa sukari, ile sukari inanyweka na chai, unarudisha nyingine ya kipimo hicho. Fedha ni hivyo hivyo: noti uliyopewa imekwenda zake, unayolipa ni noti nyingine. Ndiyo maana tunaazima suti na tunakopa pesa, ingawa wapo wanaosema "niazime elfu tano" ili ombi liwe jepesi, kana kwamba ni noti ile ile itakayorudi kesho asubuhi. Kwa yote haya Kiingereza kina "borrow" moja: "borrow a suit", "borrow some sugar", "borrow money", hata "borrow airtime" unapokopa salio usiku.

Na kwa kukopa Kiswahili hakikuacha utata wowote. Anayepokea anakopa, anayetoa anakopesha. Mkopaji na mkopeshaji. Kwa hiyo ukikwama kati ya "borrow" na "lend", acha kuazima, ipitishe sentensi yako kwenye kukopa. Kama ingekuwa "kopa", andika "borrow". Kama ingekuwa "kopesha", andika "lend". Mpwa wangu angejiuliza hivyo tu, asingeharibu fomu, kwa sababu ile -sha ya mwisho haikosewi na mtu yeyote.

Lakini kuna kukopa kusikokuwa "borrow" hata kidogo, nako ni kule kwa dukani. "Nimekopa mchele kwa Mangi" ukiigeuza "I borrowed rice from the shop", msomaji Mwingereza atadhani utamrudishia muuza duka mchele. Ulichofanya ni kununua, bei imeandikwa kwenye daftari. Andika "I bought rice on credit." Na ukitaka kumwambia mwenye duka "nikopeshe", usiseme "lend me", sema "Can I pay you on Friday?" Methali zetu mbili zinaonyesha mpaka huu vizuri kuliko kamusi. "Nguo ya kuazima haisitiri matako": ni ya kuazima, mwenyewe anaweza kuidai muda wowote, huna raha nayo. Nguo ya kukopa, kinyume chake, ni yako tangu ulipoitoa dukani. Kinachokusubiri ni bei. Ya kwanza ni "a borrowed dress". Ya pili ni "a dress bought on credit". Na "kukopa harusi, kulipa matanga" haingekuwa na uchungu wake kama ingekuwa kuazima, kwa kuwa mwenye kuazima anarudisha kilichopo mkononi, na mwenye kukopa anarudisha kile ambacho kimekwisha kuliwa.

Kwenye michezo waandishi wetu wameuvuka mpaka huo. Mchezaji anayepelekwa klabu nyingine kwa msimu mmoja tunasema ametolewa "kwa mkopo", ingawa atakayerudi ni yeye yule yule, siyo mwingine wa uzito wake. Kwa kipimo cha mwiko na sukari ingekuwa kuazima. Nadhani neno limeshazoeleka na halitarudi nyuma. Tumelichukua kutoka "on loan" ya Kiingereza pamoja na biashara yenyewe.

Jambo moja zaidi kabla sijaiacha "borrow": kitu kiwe kinachukulika. Kalamu, kitabu, gari, baiskeli, sawa. Kwa choo, jiko au meza ya ofisini, ambavyo vinabaki mahali pake, Kiingereza kinataka "use": "May I use your toilet?" Simu ya mkononi inakubali vyote viwili.

"Loan" iko wapi?

"Loan" ni jina kwanza, mkopo. Bodi ya Mikopo ya Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na ile ya Kenya iliyotungiwa sheria mwaka 1995, zote zina "Loans" katika majina yao ya Kiingereza. Mwanafunzi asiseme "I was borrowed by the Board" eti kwa kuwa kwa Kiswahili angesema "nimekopeshwa". Anasema "I got a loan", au "I borrowed from the Board", na Bodi ndiyo "lends".

Kama kitenzi, "loan" maana yake ni ile ile ya "lend": "He loaned me his car." Wamarekani wanaitumia bila wasiwasi. Waingereza wengi wanaiona nzito au isiyofaa kwa maandishi rasmi, isipokuwa kwa mambo kama jumba la makumbusho kutoa picha, au klabu kutoa mchezaji. Ukiwa huna uhakika unamwandikia nani, "lend" inapita kote. "Loan" kama kitenzi haikupi chochote ambacho "lend" haikukupa, na kuna walimu watakaoikata kwa kalamu nyekundu.

Kudai na kudaiwa: usiseme "demand"

Hili ni kosa linalonisikitisha kuliko hayo mengine, kwa sababu linaharibu urafiki. "Namdai Juma elfu kumi" inageuzwa kuwa "I demand Juma ten thousand." Kwa Kiswahili, kudai kunaweza kuwa hali tu: deni lipo, wewe ni mwenye haki, mnakaa na kunywa kahawa pamoja. "Demand" ni kudai kwa ukali, sauti imepanda, pengine na barua ya wakili. Mtu aliyepokea ujumbe wenye neno hilo anaona ametishwa.

Kiingereza cha kila siku hakina kitenzi kifupi cha kukaa upande wa mdai. Kinamtanguliza mdaiwa: "Juma owes me ten thousand." Hapo lazima uigeuze sentensi, Juma awe mbele, wewe uende nyuma. Na pale Kiswahili kinapotumia kutendwa, "nadaiwa na Juma", Kiingereza kinarudi kwenye kutenda cha kawaida: "I owe Juma." Tena "owe" haipendi umbo la kuendelea, "he is owing me" ni ya kwetu, mwandishi makini huiacha, anaandika "he owes me".

Weka hivi kando kwa kando, uone jinsi watu wanavyobadilishana viti: ananidai, "I owe him", namdai, "he owes me", tunadaiana, "we owe each other". Kwa maneno matatu hayo tu nimewahi kumaliza nusu saa na darasa la watu wazima, na ilistahili.

Penye malipo, utata unahamia kwao

Kuazima ni bure. Ikiingia kodi, Kiswahili kinatenganisha pande mbili bila shida: napanga chumba, mwenye nyumba anapangisha, nakodi gari, mwenye gari anakodisha. Ajabu yake, hapa ni Kiingereza kinachokuwa na neno moja la kwenda na kurudi. "I rent a house in Mbezi" inaweza kutamkwa na mpangaji na inaweza kutamkwa na mwenye nyumba. Wasikilizaji wengi watadhani ni mpangaji, lakini neno lenyewe halisemi. Kwa hiyo wenye lugha wanaongeza kitu cha kuonyesha njia: "rent from" kwa mpangaji, "rent to" au "rent out" kwa mwenye nyumba. Ukiandika mkataba, tafadhali ongeza. Mtu mmoja aliwahi kuniletea tangazo lake, "I rent two rooms, call me", akishangaa kwa nini waliompigia walikuwa madalali wenye vyumba. "Rooms for rent" ingemtosha.

Waingereza wana pia "let", ambayo ni ya mwenye nyumba peke yake, na ndiyo iliyo kwenye vibao vya "To Let" kote Nairobi; Marekani utakuta "For Rent". Dar es Salaam kibao kinasema "chumba kinapangishwa" na hakuna wa kukosea.

"Hire" na "rent" zinategemea upande wa bahari. Uingereza unafanya "hire" ya kitu cha muda mfupi, gari la siku 2, suti ya harusi, ukumbi, viti na maturubai, kisha "rent" ya nyumba. Marekani gari na suti pia ni "rent", na "hire" imebaki zaidi kwa watu: kuajiri. Uganda wamelitia neno hili maisha yao, teksi ya kukodi peke yako ni "special hire", na kila dereva wa Kampala anakuelewa. "Lease" ni ya mkataba mrefu wa maandishi, kama ya ardhi: Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamruhusu asiye raia kumiliki ardhi kwa "lease" tu, isiyozidi miaka 99.

Maneno mawili ya upande unaotoa, la bure na la malipo, yaliwahi kuunganishwa kuwa jina la sheria. Tarehe 17 Desemba 1940, Uingereza ikiwa vitani na fedha zimekauka, Rais Franklin Roosevelt wa Marekani aliwaeleza waandishi wa habari jinsi ya kuisaidia kwa silaha, akitumia mfano wa jirani ambaye nyumba yake inaungua. Nina mpira wa kumwagilia bustani, alisema kwa maana hiyo. Simwambii jirani kwamba mpira ulinigharimu dola 15 basi anilipe dola 15. Sitaki dola 15, nataka mpira wangu moto ukishazimika. Sheria iliyotokana na fikra hiyo ilitiwa saini tarehe 11 Machi 1941, nayo inajulikana kama "Lend-Lease". Mfano wake ni kuazima kwa Kiswahili kabisa: kilichotolewa ndicho kinachotarajiwa kurudi. Na jina limechagua "lend", kwa kuwa aliyekuwa akisema ni mwenye mpira. Laiti sheria ingetungwa London, ingeanza na "borrow".

Mpwa wangu alichukua fomu mpya kesho yake. "Borrower", jina lake. "Lender", chama. Chini: "I wish to borrow 2,000,000 shillings from the society." Ukurasa wa tatu ulitaka wadhamini wawili miongoni mwa wanachama wenzake, na hapo hapakuwa na la kusahihisha. "Guarantor" alilipatia tangu fomu ya kwanza. Nikamwambia kwamba hapo zamani za kale "borrow" yenyewe ilianzia kwenye dhamana. Akaitazama ile karatasi tena, akauliza, "Kwa hiyo mdhamini ndiye aliyetangulia?" Nikamwambia ndiyo, kisha akaenda kuwapigia simu hao wawili.